Naomba ushauri: makala ya mchezo wa kuigiza mezani, iandikwe vipi mhariri asiirudishe?

NyikaYaBahi

Wakuu habari za jioni. Nina makala ya mchezo wa kuigiza mezani, ule wa dadu, wahusika na mwendeshaji mmoja, kwa kanuni za Dungeons & Dragons. Naipeleka kwa jarida linalopokea kazi za waandishi wa kujitegemea kwa Kiswahili, kikomo maneno 1,800. Kisa chenyewe: msafara wa karne ya 19 unatoka Chunyo, upande wa Mpwapwa, unavuka nyika ya Marenga Mkali mpaka Mvumi. Siku mbili hakuna maji. Ukifika, mtemi anadai hongo ndipo mpite. Wachezaji watano, wahusika wa ngazi ya 2.

Sasa nipo maneno 2,600, na historia ya Ugogo peke yake imekula 900. Halafu sijui maneno ya kuwasomea wachezaji yawe marefu kiasi gani, dadu na namba ziandikwe vipi kwa Kiswahili, na haya maneno yetu (hongo, tembe, doti) niyaweke kwa italiki au niyaache yalivyo. Kipande cha kusoma ni hiki, kichaneni bila huruma:

"Mnaingia kwenye pori la kutisha sana. Mioyo yenu inadunda kwa hofu mnapotambua kuwa hamtapata maji. Kwa miaka mingi misafara imepita hapa ikilipa hongo kwa watemi wa Ugogo, na wengi walikufa. Mbele yenu kuna mbuyu mkubwa wa kale. Mnausogelea taratibu na kuona kwamba nyuma yake wamejificha fisi sita wenye njaa, wakisubiri giza."

KalamuNyekundu

Umesema bila huruma, haya.

Umewaambia wachezaji wanahisi nini. Mezani yupo anayecheza mpiganaji asiyeogopa chochote. Ukimsomea "mioyo yenu inadunda" atakujibu wake haudundi, na hapo ukimya uliotaka kuujenga umekwisha. Andika kinachoonekana, kinachosikika, kinachonuka. Hofu waizue wenyewe.

Halafu umewatembeza. "Mnausogelea taratibu": nani kasema wanausogelea? Kundi lenye akili litauzunguka mbuyu kwa mbali. Ukishawasogeza kwa sentensi yako, mwendeshaji ama arudishe mkanda nyuma ama agombane na watu wake. Maneno ya kusoma yaishie pale ambapo swali linalofuata ni "mnafanya nini?"

Baya kuliko yote ni fisi. Umewaficha nyuma ya mti, halafu kwa sentensi hiyohiyo umewatoa. Kitu kilichofichwa hakiwekwi kamwe kwenye maneno ya kusoma. Kinakaa chini yake, sehemu ya mwendeshaji, pamoja na namna ya kukigundua.

Na historia: mtu aliyesimama juani haoni "miaka mingi". Anaona vumbi. Kitu kama hiki kingetosha:

"Jua limesimama utosini. Udongo mwekundu umepasuka, na miiba ya migunga inashika nguo kila hatua. Mbele, kama hatua mia moja, umesimama mbuyu mmoja. Gome lake limechubuliwa hadi kimo cha mtu. Upepo unaleta harufu ya mzoga."

Hayo ni maneno kama 35. Ukivuka 60 macho ya wachezaji yanahamia kwenye simu, na ukivuka 100 mwendeshaji mwenyewe anaanza kuruka mistari, na mstari anaouruka ndio utakuwa wenye taarifa muhimu. Angalia pia kila kitu kilichotajwa hapo kina kazi. Gome lililochubuliwa ni kidokezo kwamba watu wamepita wakitafuta kamba, na mbuyu wenye uwazi ndani unaweza kuwa umehifadhi maji ya mvua. Harufu ya mzoga ni ya fisi. Mchezaji akiuliza juu ya chochote kati ya hivyo, mwendeshaji awe na jibu aya ya pili, si ukurasa wa nne.

Baada ya maneno ya kusoma panga hivi: kwanza kitu ambacho kundi litagusana nacho hata wasipofanya lolote (fisi wanangoja giza), kisha wanachokipata wakichunguza, mwisho kinachobadilika wakikaa muda mrefu. Wengi huanza na chanzo cha mambo, mzoga ni wa nani, alikufaje, ndugu zake walilia vipi, na mwendeshaji anatafuta idadi ya fisi huku watu wanamkodolea macho.

Historia ya maneno 900 ifike 150. Kila sentensi iulize: mwendeshaji ataifanyia nini usiku huu? "Misafara ililipa hongo kwa vitambaa, ushanga na nyaya" inabaki, kwa sababu wachezaji watafungua mizigo kuhesabu. "Doti moja ni mikono 8, yaani shuka mbili" inabaki, maana watabishana kwa doti. Njia ilianzia wapi pwani na ikaishia wapi Unyanyembe, futa. Mwenye hamu ataisoma kwingine.

DaduTatu

KalamuNyekundu kamaliza ya lugha ya picha, mimi nashika namba, maana makala nyingi zinafia hapo.

"Zaidi ya 15" na "15 au zaidi" si kitu kimoja. Jaribio la ugumu 15 linataka dadu na nyongeza zifike 15 au zaidi. Ukiandika "zaidi ya 15" umeongeza ugumu kwa moja kimyakimya. Vivyo hivyo "chini ya 10" na "10 au pungufu". Kwenye majedwali andika 1–3, 4–6, usiandike 1–3, 3–6, kwa sababu atakayepata 3 atakuuliza ni ipi. "Hadi" ijumuishe namba ya mwisho kila mahali, usibadilishe katikati ya makala.

Vitenzi. Jambo la lazima liweke kwa "a-…-e": *kila mhusika atupe d20* (dadu ya pande 20). La hiari: *anaweza kutupa*. La kawaida ya dunia ya mchezo: *fisi hushambulia aliye nyuma*. Ukichanganya ("mchezaji anatupa", "atatupa", "hutupa") msomaji anadhani ni kanuni tatu. Na tenganisha *mchezaji* na *mhusika* kama unavyotenganisha mtu na kivuli chake. Mchezaji hutupa dadu, mhusika ndiye anapata kiu. Ukiandika "mchezaji akipata kiu apoteze pointi", mtu anaweza kuamka kwenda dukani kuchukua soda.

Madhara yaandikwe wastani kwanza, dadu kwenye mabano: 7 (2d6), yaani dadu mbili za pande sita. Wastani wa d6 ni 3.5, d8 ni 4.5, d10 ni 5.5, unazidisha, unajumlisha nyongeza, unaangusha nusu. Fisi mkubwa wa kwenye kanuni ana uhai 45 (6d10 + 12): 33 na 12. Mhariri anayejua kazi huzipiga hesabu hizi zote, na akikuta moja imekosewa anaanza kuzishuku nyingine.

Sasa kisa chako chenyewe. Fisi sita wa kawaida dhidi ya wahusika watano wa ngazi ya 2 ni mazoezi ya viungo. Kwa kipimo cha ugumu wa pambano cha kanuni za toleo la 2014, fisi mmoja ana pointi za uzoefu 10, sita ni 60, kwa wingi wao zinazidishwa mara 2: 120. Kiwango cha *rahisi* kwa kundi hilo ni 250. Fisi wakubwa wawili ni pointi 200 kila mmoja, 400, mara 1.5 inakuwa 600; hiyo imevuka 500, iko *wastani*. Chagua hao wawili. Usinakili takwimu zao nzima. Andika "fisi mkubwa 2" na jina la kitabu, umeokoa maneno zaidi ya 60 kwa kila kisanduku cha takwimu.

Maji ndiyo moyo wa makala yako na hukuyataja kwa hesabu. Kwa kanuni za 2014 mtu anahitaji galoni 1 kwa siku, na galoni 2 kukiwa na joto. Watu watano, siku mbili, joto: galoni 20, kama lita 76. Kiriba kimoja cha kwenye orodha ya vifaa kinabeba nusu galoni na kikijaa kina uzito wa ratili 5. Kwa hiyo ni viriba 40, ratili 200, karibu kilo 91, kabla ya chakula, silaha na doti za hongo. Mhusika mwenye Nguvu 10, ya mtu wa kawaida, mwisho wake kubeba ratili 150. Hapo kisa kinaanza chenyewe: waache nini Chunyo? Nguo za mtemi au maji? Hesabu hii moja ina thamani kuliko zile aya zote za pori la kutisha.

Wakiamua kunywa nusu, kila mmoja atupe jaribio la kujikinga la Uimara, ugumu 15, mwisho wa siku. Akishindwa anapata ngazi moja ya uchovu. Mwenye nyongeza ya +2 anahitaji 13 au zaidi kwenye d20, nyuso 8 kati ya 20, asilimia 40. Wote watano wapite: 0.4 mara yenyewe mara tano, asilimia 1. Maana yake jioni ya kwanza watachoka watatu, toa au ongeza mmoja. Na aliyekwisha kuchoka akishindwa tena kwa sababu ya maji anapata ngazi mbili, si moja. Wa namna hiyo, walioshindwa jioni zote mbili, ni asilimia 36. Watafika kwa mtemi na ngazi 3. Na ngazi 1 tu inatosha kumfanya mtu atupe dadu mbili na kuchukua ndogo kwenye majaribio ya uwezo, pamoja na lile la kumshawishi mtemi. Umewapeleka kwenye mazungumzo ya hongo wakiwa wamefungwa mikono. Inaweza kuwa ndiyo nia yako, lakini basi mwambie mwendeshaji.

Kuna mtego mmoja. Mapumziko marefu, yale ya saa 8, huondoa ngazi moja ya uchovu kwa aliyekula na kunywa kidogo. Wakilala vizuri usiku wa kwanza, hesabu yote niliyoandika hapo juu imevunjika.

Taja pia toleo. Uchovu wa 2014 na wa 2024 ni vitu viwili: wa zamani kila ngazi ina athari yake, wa sasa kila ngazi hupunguza 2 kwenye kila d20 na futi 5 kwenye mwendo. Usipotaja, nusu ya wasomaji watacheza kisa kingine kabisa.

Mwana_Singida

Juu ya kuandika dadu: tumebahatika. Wajerumani huandika W6 kwa sababu dadu kwao ni Würfel, Wapolandi huandika k6, ila sisi "d" ni ya dadu, basi 2d6 inasomeka vilevile bila kubadilisha kitu. Usiandike "dadu mbili za pande sita" kila mara; mara ya kwanza tu, baada ya hapo 2d6. Na usitumie "kete". Kete ni za bao na drafti, hazina pande.

NyikaYaBahi

DaduTatu umenivuruga kichwa kwa uzuri. Hiyo ya mapumziko marefu nairekebishaje bila kuonekana nawanyima wachezaji usingizi kwa makusudi? Na ya italiki bado.

KalamuNyekundu

Jibu la usingizi liko kwenye historia hiyohiyo niliyokuambia ukate. Misafara ya zamani ilipofika nyika isiyo na maji ilifanya tirikeza: wapagazi wanapika asubuhi, wanajaza maji, wanaondoka mchana, wanatembea mpaka usiku, wanalala kidogo porini, alfajiri wako njiani tena. Saa 8 za kulala hazipo. Andika hivyo kwa sentensi mbili na kanuni itafuata yenyewe: *kwa kuwa msafara unafanya tirikeza, usiku wa kwanza hakuna mapumziko marefu.* Hapo historia imefanya kazi. Ndiyo tofauti ya ile 150 ya kubaki na ile 750 ya kufuta.

Pia usifunge njia kwa dadu moja. Kama maji ya kwenye mbuyu hupatikana tu ukishinda jaribio la utambuzi, na wote wakashindwa, kisa kimekufa Marenga Mkali pamoja na punda. Wakishindwa wayapate, lakini kwa gharama: saa mbili za kutafuta, au yawe machafu, au fisi wawe wamewazunguka tayari. Ushindi wa dadu uwape kitu bora, kushindwa kusiwanyime kitu cha lazima.

MgangaWaAya

Nachukua ya lugha.

Italiki: kwenye makala za mchezo huu italiki ina kazi yake, ni ya majina ya uchawi na vifaa vya kichawi vilivyomo kwenye kanuni. Ukiitumia pia kwa hongo na tembe, mwendeshaji atafungua kitabu kutafuta uchawi unaoitwa hongo. Kwa jarida la Kiswahili hayo ni maneno ya kawaida, yaache wima. Neno la Kigogo lenye uhitaji wa maelezo lielezwe ndani ya sentensi, mara moja: "walilala kwenye tembe, nyumba ya paa bapa la udongo", halafu unaendelea nalo. Ukija kuipeleka kwa Kiingereza, fanya hivyohivyo, usiweke orodha ya maana za maneno mwishoni. Hakuna anayeifungua katikati ya mchezo.

Jina Marenga Mkali lenyewe linakupa kitu. Kwa Kigogo maji ni *malenga*, wasafiri wa karne ya 19 wakaandika kwa r. Maji makali, ya chumvichumvi. Ndani ya mchezo hiyo ni taarifa: wakichimba na kupata maji, yawe ya namna hiyo, na uamue kanuni yake. Sentensi moja tu.

Saa. Kwa Kiswahili andika saa 2 usiku, kwa Kiingereza ibadilishe iwe 8 p.m.; ukiiacha 2, Mwingereza ataisoma saa yetu ya 8 usiku, na fisi wako watashambulia usiku wa manane badala ya jioni. Na kumbuka "usiku wa Jumatano" kwa wengine ni usiku wa kuamkia Jumatano. Kwenye ratiba ya msafara tumia "siku ya 1 jioni, siku ya 2 alfajiri", ubishi unaisha. Huku kwetu giza hutanda kwenye saa 1 jioni mwaka mzima. Mwandishi akiandika jua la saa 3 usiku tunajua amenakili kisa cha Ulaya.

Taja mwezi. Dodoma mvua ni Desemba hadi Aprili. Ukikiweka kisa Januari msomaji wa hapa atauliza mbona madimbwi yamejaa. Juni na Julai ni kavu lakini usiku kuna baridi na upepo, na kanuni ya galoni 2 inataka joto. Oktoba au Novemba ndiyo yenyewe: kavu, moto, nyasi zimekwisha.

Ngeli ya dadu: chagua *dadu hii, dadu hizi* uende nayo mpaka mwisho. Vipimo: mraba wa ramani ni futi 5, kwa mita 1.5, futi 30 ni mita 9. Ukichagua mita tumia mita tu. Kuchanganya ni kumlazimisha mtu apige hesabu huku fisi anamrukia.

Punguza "ambaye" na "ambacho". "Fisi ambaye ameumia ambaye atakimbia" ni "fisi aliyeumia hukimbia". Nusu ya maneno yako 800 ya ziada nadhani yamo humo na kwenye "kwa hakika", "kwa kweli" na "inasemekana".

Na hili la mtemi, kaka, ungeliangalia. Kwenye kipande chako anasikika kama mnyang'anyi wa njiani. Hongo ilikuwa malipo ya kupita na ya kutumia maji kwenye nchi ambayo maji ni ya kuchimba na kulinda. Mtemi mwenye hoja ni mgumu na mtamu zaidi kucheza kuliko mtemi mlafi. Mpe anachotaka, anachoogopa, na kiwango ambacho hashuki chini yake: mathalani anaanza doti 40, kila hoja nzuri inamshusha doti 3, hashuki chini ya 22, na wakimtukana mbele ya wazee inarudi 40. Hayo ni maneno kama 30 na mwendeshaji ana dakika ishirini za mchezo. Bila hayo kila kitu kinaangukia kwenye jaribio moja la ushawishi, sekunde tano imekwisha.

Ukiwa na mpango wa kuendeleza kisa hadi Kondoa, michoro ya mapangoni iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, na baadhi ya maeneo yale wenyeji bado wanafanyia matambiko. Usichukue pango la kweli kwa jina lake ukaliwekea mazimwi na hazina ya kuiba. Buni pango lako, liweke kwenye kilima cha kubuni.

DaduTatu

Naongeza ya majedwali halafu nakaa kimya. Matukio ya njiani ukiyaweka kwenye d6 kila moja lina nafasi sawa, 1 kati ya 6. Kwenye 2d6, 7 inatoka mara 6 kati ya 36 na 2 inatoka mara 1 tu. Basi la kawaida (vumbi, mpagazi kaumia mguu) likae 6, 7, 8, na la ajabu likae 2 na 12. Watu hupanga jedwali la 2d6 kwa mvuto wa hadithi, jambo bora kabisa wanaliweka 12, halafu halitokei kamwe.

NyikaYaBahi

Nimeshusha hadi 1,850. Upelekaji wenyewe je? Niwatumie makala nzima au kwanza barua?

KalamuNyekundu

Soma masharti yao. Yakisema barua kwanza, ni barua. Iwe fupi, aya tatu. Ya kwanza: kisa kwa sentensi mbili, ngazi ya wahusika, toleo la kanuni, idadi ya maneno. Ya pili: mwendeshaji atapata nini cha kutumia mezani (mfumo wa maji, mazungumzo ya hongo yenye hesabu, jedwali la 2d6). Ya tatu: imejaribiwa mezani mara ngapi na imechukua saa ngapi. Usiandike "ni kisa cha kusisimua". Na usifiche mwisho wa kisa ili kumtamanisha mhariri, yeye si mchezaji.

1,850 kwenye kikomo cha 1,800 bado si 1,800. Uliza kama hesabu yao inajumuisha visanduku na majedwali. Wapo wanaovihesabu, wapo wasiovihesabu.

Faili: .docx au .rtf, fonti moja ya kawaida ukubwa wa 12, mistari miwili, pambizo sentimita 2.5. Vichwa viweke kwa mitindo ya programu yenyewe, usivipambe kwa mkono. Usipange safu mbili kuiga kitabu, usiweke fremu kwenye maneno ya kusoma. Yatangulize kwa alama rahisi kama [KUSOMA] na [MWISHO], msanifu atajua. Majedwali yatengeneze kwa zana ya jedwali, si kwa kupigapiga nafasi. Ramani ikae faili lake, na hata mchoro wa penseli unatosha ilimradi una mizani na kaskazini. Jina la faili liwe na jina lako na jina la kisa. Faili linaloitwa "makala mpya ya mwisho 2" litapotea na mengine kumi ya jina hilohilo.

Kujaribiwa mezani: mara moja uendeshe mwenyewe, mara moja aendeshe mtu mwingine kwa maandishi yako tu na wewe ukae pembeni umefunga mdomo. Kila anapogeuza kurasa kutafuta kitu, weka alama hapo. Kila anapokuuliza, jibu lako ni sentensi inayokosekana.

Mwana_Singida

Na haki. Kanuni zilizo wazi kutumiwa ni hati ya SRD 5.1, iliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons, CC-BY-4.0, Januari 2023, masharti yake makubwa ni kutaja chanzo kama wanavyoelekeza. Ya 2024 ina SRD yake. Kanuni ya maji, kiriba, fisi na fisi mkubwa vyote vimo, kwa hiyo kisa chako kiko salama. Usije ukaongeza beholder au mind flayer, mazimwi maarufu ya mchezo huu, kwa kupendeza, takwimu zao hazimo. Kwenye mkataba tafuta kama wananunua haki ya kuchapisha mara ya kwanza au haki zote. Ukiuza zote huwezi kukitafsiri kisa hichohicho na kukipeleka kwingine bila ruhusa yao. Wewe unayepanga Kiingereza baadaye, hilo liulize kabla ya kusaini.

NyikaYaBahi

Asanteni sana wakuu. Nimefika 1,790. Aya ya maji imekuwa hivi, niambieni kama inaeleweka:

"Kwa joto la Oktoba kila mhusika anahitaji galoni 2 kwa siku (viriba 4). Msafara unafanya tirikeza, kwa hiyo usiku wa kwanza hakuna mapumziko marefu. Mwisho wa kila siku, mhusika aliyekunywa nusu atupe jaribio la kujikinga la Uimara. Akipata zaidi ya 15 amesalimika, asipofikisha anapata ngazi 1 ya uchovu, au 2 kama alikuwa amechoka tayari. Aliyekunywa chini ya nusu hatupi dadu. Anachoka moja kwa moja, kwa ngazi hizohizo."

DaduTatu

"15 au zaidi", mkuu. Badilisha hapo, peleka.